Watt alikuwa na wazo, tundu lilikuwa kwa Wilkinson

Kila nikikaa na watu wasio wa fani yetu wakaanza kuongelea uvumbuzi mkubwa wa historia, orodha huwa ni ileile: gurudumu, injini ya mvuke, umeme, ndege, kompyuta. Sibishi. Ila mimi ni fundi wa lethi, yani mashine ya kukereza chuma, miaka yangu mingi imeishia mbele ya chuma kinachozunguka na maikromita, kile kifaa cha kupimia unene mdogo sana, mkononi, na ukiniuliza mimi nitakwambia hiyo orodha imewaruka watu waliofanya hivyo vitu viwezekane. Yani wale waliotuonyesha namna ya kutoboa tundu likawa duara kweli, kusawazisha bamba likawa bapa kweli, na kutoa bolti elfu ambazo nati yoyote inaingia. Bila hao injini inabaki mchoro. Na siyo kwamba navutia kwangu, kuna kisa kizima kinachoonyesha.

James Watt alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia pale chuo kikuu cha Glasgow, na mwaka 1763 akapewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze. Injini za Newcomen zilikuwepo tangu 1712, kazi yake kuvuta maji kwenye migodi, na zilikuwa zinakula makaa balaa, sababu kwenye silinda moja unaingiza mvuke wa moto, afu unapulizia maji baridi humohumo ndani mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke, afu silinda ishapoa unaanza tena kuipasha upya, kila pigo hivyohivyo kutwa nzima. Watt akakuna kichwa, 1765 ndo jibu likamjia: mvuke ukapoozwe kwenye chombo kingine pembeni, silinda yenyewe ibaki moto muda wote. Rahisi ukishaambiwa. Hataza, yani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, akapata 1769.

Sasa mtu anasoma 1769 anadhani mwaka uliofuata injini zilikuwa zinanguruma nchi nzima. Wapi! Injini za kwanza za kibiashara zimekuja kuwashwa 1776, miaka 11 toka wazo. Hela ilichangia, mshirika wake wa kwanza, Roebuck, alifilisika, lakini hata hela ingekuwepo bado kulikuwa na silinda. Newcomen alikuwa na ujanja wake, tundu likiwa bovubovu anaweka ngozi kwenye pistoni na kumwaga maji juu yake, maji yanaziba nafasi, maisha yanaendelea. Watt hakuweza kufanya hivyo maana maji yanapooza silinda na yeye nia yake yote ilikuwa silinda isipoe. Akajaribu kuziba kwa katani, kwa matambara yenye mafuta, kwa karatasi, mvuke ukawa unapita tu kama vile hakuna pistoni.

Tatizo lenyewe ukiwahi kutoboa tundu refu utalielewa haraka. Zamani silinda ilisubiwa kwanza, yani chuma kinayeyushwa kinamwagwa kwenye kalibu, inatoka na tundu lake tayari lakini limepinda na lina mabonde. Afu wanaingiza fimbo ndefu yenye visu kwenye ncha, wanazungusha. Fimbo imeshikwa upande mmoja tu, ule wa nje. Kile kichwa chenye visu kule ndani hakina wa kukishika, kinalalia palepale kwenye chuma kinachochongwa, kwa hiyo tundu likipinda na chenyewe kinapinda nalo. Unaishia kupata tundu lililopinda lakini linalong'aa, na kwa fundi hakuna kitu kinachodanganya kama hicho.

John Wilkinson alikuwa mfua chuma, na mwaka 1774 alikuwa amepata hataza ya kutoboa mizinga. Kwenye silinda akaona kitu ambacho mzinga hauna: silinda iko wazi pande zote mbili. Basi akapitisha mhimili mnene wa chuma ukatokea upande wa pili, akaukalisha kwenye beringi huku na huku, kichwa cha visu kikawa kinatembea juu ya mhimili huo. Sasa njia ya kisu inafuata mhimili, haifuati tena lile tundu bovu la kusubiwa. Ni hicho tu, kushika fimbo pande mbili. Watu wanapenda hadithi za vipaji na mwanga ulioshuka ghafla, mimi nakwambia nusu ya ufundi wetu ni kujua kitu kishikwe wapi.

Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika mpya wa Watt, aliandika kwamba silinda ya inchi 50 waliyochongewa na Wilkinson haikosei unene wa shilingi ya zamani mahali popote. Leo mwanafunzi wangu akiniletea kosa la unene wa sarafu namrudisha nyumbani akapumzike. Ila fikiria, inchi 50 ni mita moja na robo ya upana, kabla hata hakujawa na kipimo cha maana cha kupimia kitu kama hicho, na hilo kosa lilikuwa dogo vya kutosha injini ikawaka. Na utamu wa kisa ni huu, moja ya injini mbili za kwanza alichukua Wilkinson mwenyewe, akaiweka ipulize hewa kwenye tanuri lake la chuma. Yani alichonga silinda iliyofanya injini iwezekane, injini ikamsaidia kuyeyusha chuma cha kutengenezea silinda nyingine.

Hapo ndo swali la watoto linaingia, na nalipenda kuliko yote: mashine sahihi inatengenezwa na mashine sahihi, sasa ile ya kwanza kabisa ilitoka wapi? Rula iliyonyooka umeinyoosha kwa rula gani?

Jibu lipo na halihitaji mashine yoyote. Unachukua mabamba matatu ya chuma, siyo mawili, matatu. Ukichukua mawili, A na B, ukapaka moja rangi nyembamba, ukalisugua juu ya jingine, rangi inaganda pale palipoinuka, unapakwangua kwa mkono, unarudia, siku kadhaa baadaye yanakaa juu ya mwenzake vizuri kabisa hakuna hata nafasi ya unywele. Je, ni bapa? Hujui. Inawezekana A limebinuka kama mgongo wa kijiko na B limebonyea kama tumbo lake, yanaoana vizuri tu na yote mawili ni ya uongo. Sasa leta C, lichonge lioane na A. Kama A limebinuka basi C nalo litakuwa limebonyea. Afu peleka B juu ya C, mabonde mawili yanatazamana, yanagusana pembeni tu, katikati rangi haishiki. Umeyakamata. Unakwangua, unazungusha zamu, A na B, B na C, C na A, na hali pekee ambayo matatu yote yanaweza kukubaliana ni yakiwa bapa. (Na kumbuka kugeuza bamba robo duara mara kwa mara, la sivyo mpindo wa kona kwa kona unakupita hivihivi huku unajisifu. Mimi ulinipita.)

Joseph Whitworth ndo aliyeieleza kazi hii mbele ya wataalamu mwaka 1840 pale Glasgow, akisisitiza watu waache kusugua mabamba na unga wa msasa na badala yake wakwangue, maana unga unakula popote unapotaka wenyewe. Lakini yeye alikuwa amepita kwenye karakana ya Henry Maudslay, na kule mabamba bapa yalikuwa yako juu ya meza za mafundi kila siku.

Maudslay nikianza kumwongelea huwa simalizi. Alizaliwa 1771 Woolwich, umri wa miaka 12 tayari yuko kwenye ghala la silaha anajaza baruti kwenye risasi, 18 anachukuliwa na Joseph Bramah ambaye alikuwa na kufuli maarufu lisilofunguka bila ufunguo wake, ila kulitengeneza kwa mkono kulikuwa kazi ya kichaa, na kijana ndo akamtengenezea mashine za kuchonga vipande vyake. Mwaka 1797 akaomba aongezwe mshahara zaidi ya shilingi 30 kwa wiki, bosi akakataa, jamaa akaondoka akafungua ya kwake. Nadhani huo ndo mshahara uliowahi kunyimwa kwa hasara kubwa kuliko yote kwenye historia ya ufundi.

Kwenye hiyo karakana yake ndo ikatoka lethi ambayo ukiiona leo unaitambua mara moja kwamba ni lethi. Kabla ya hapo mkerezaji wa chuma kwa kawaida alishika kisu kwa mkono, akakiegemeza, akakaza misuli, na uzi wa skrubu aliukata kwa macho. Maudslay kisu akakifunga kwenye kitoroli cha chuma kinachotembea juu ya reli zilizonyooka, kitoroli kikasukumwa na skrubu ndefu, na skrubu hiyo ikaungwa kwa gia na chuma kinachozungushwa. Ukibadili gia unapata uzi mwingine, wa nafasi unayotaka, kutoka kwenye skrubu ileile. Hakuwa wa kwanza kwa kila kipande, jamani tusidanganyane, Jesse Ramsden alikuwa anakata skrubu nzuri sana miaka ya 1770 kwa ajili ya vyombo vya mabaharia, na Wafaransa nao walikuwa na zao. Ila hao wengi walikuwa kwenye vyombo vidogo vya thamani. Maudslay aliijenga yote kwa chuma, ikawa nzito, ngumu, ya kazi za kila siku karakanani, na mafundi waliopita kwake wakaondoka na tabia hiyo.

Na alikuwa na maikromita yake mezani ambayo watu walikuja kuiita Lord Chancellor, kama jaji mkuu, maana ukibishana na mwenzako kuhusu kipimo mnaenda pale, ikishasema imesema, hakuna rufaa.

Mashine zake 45 za kutengeneza makapi, yani puli za kupitishia kamba za meli, kule Portsmouth, zilizobuniwa na Marc Brunel, nazitaja tu haraka: ilipofika 1808 zilikuwa zinatoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi wakawa wanafanya kazi ya mafundi 110. Hao 110 sijui waliambiwaje nyumbani.

Turudi kwenye bolti, sababu hapo ndo kila mtu anaguswa hata kama hajawahi kushika spana. Kabla ya mambo haya kutulia, bolti na nati zilikuwa ndoa. Kila nati ilichongwa kwa ajili ya bolti yake, ukifungua mashine unazipiga alama ipi na ipi, ukizichanganya imekula kwako, utakaa siku nzima unajaribisha moja moja. Kila karakana ina uzi wake. Whitworth akafanya kitu cha akili sana, hakukaa ofisini akatunga uzi bora kuliko wote, alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akachukua wastani, na mwaka 1841 akapendekeza: pembe ya uzi digrii 55, na kila unene wa bolti una idadi yake ya nyuzi kwa inchi. Kwa kuwa ulikuwa wastani, hakuna aliyejiona ameshindwa. Hiyo siyo hesabu tena, hiyo ni siasa, na ilifanya kazi.

Marekani wakaenda njia yao. William Sellers, 1864, Philadelphia, akasema digrii 55 nani ataipima bila kuhangaika, na kichwa cha uzi cha mviringo kile cha Whitworth ni gharama kukichonga, tuchukue digrii 60, pembetatu ya pande sawa ambayo fundi yeyote anaichora, na kichwa tukikate bapa. Kifundi alikuwa sahihi kabisa, mimi niko upande wake. Ila sasa dunia ikawa na nyuzi mbili kubwa ambazo hazikubaliani, na vita vya pili vya dunia vilipokuja, Waingereza na Wamarekani wanatengenezeana silaha na injini na bolti za huyu haziingii kwa yule. Imefika 1948 ndo wao na Kanada wakakubaliana kutumia digrii 60.

Lakini kisa cha uzi kinachonikaa kichwani zaidi ni Baltimore. Februari 1904 moto ukashika katikati ya mji, wakapiga simu za telegrafu, vikosi vya zimamoto vikaja na treni kutoka Washington, Philadelphia na kwingine, watu wa kutosha, mabomba ya kutosha, maji yapo. Wanafika wanataka kuunga mipira yao kwenye bomba la mtaani, uzi hauingii. Kila mji ulikuwa na uzi wake. Moto ukawaka kwa saa 30 hivi, majengo zaidi ya 1,500 yakateketea, na uchunguzi uliofuata ukakuta nchini mna aina zaidi ya 600 za viungo vya mipira ya zimamoto. Mia sita! Mwaka uliofuata ndo wakaweka kiwango.

Kuhusu vipuri vinavyobadilishana, vitabu vingi vinampa sifa Eli Whitney, aliyeahidi serikali ya Marekani bunduki 10,000 mwaka 1798 ndani ya miaka miwili. Ikachukua zaidi ya kumi, na bunduki zake zilizobaki zilipokuja kuchunguzwa baadaye ikaonekana vipuri havibadilishani. Alikuwa muuzaji mzuri. Miaka mingi kabla, 1785, Honoré Blanc kule Ufaransa alikuwa ameshaonyesha jambo hilo, na kule Marekani aliyelifanya kweli ni John Hall, Harpers Ferry, miaka ya 1820, kwa vigezo vya kupimia vingi mno na mashine alizobuni mwenyewe. Jina lake hulisikii. Ukitaka kuona jambo hilo limekomaa nenda 1908, Brooklands, Uingereza: magari matatu ya Cadillac yakafunguliwa hadi kipande cha mwisho, vipande vikachanganywa, 89 vikatolewa na kubadilishwa na vipya vya stoo, afu mafundi wakapewa spana na bisibisi tu, hakuna tupa ya kusugulia chuma, hakuna kukwangua. Yakaungwa matatu, yakakimbia maili 500. Kwa magari ya enzi hizo ambayo kila moja lilikuwa linatupiwa tupa hadi likubali, hiyo ilikuwa kama kiini macho.

Nyuma ya hayo yote kuna swali la nani anapima vipimo. Carl Edvard Johansson, fundi wa kiwanda cha bunduki Eskilstuna, Sweden, mwaka 1896 akapata wazo kwamba badala ya kuwa na maelfu ya vipande vya kupimia, kila kimoja kwa saizi yake, unaweza kuwa na vipande 102 tu na ukiviunganisha unapata saizi 20,000, kila moja imepishana na jirani yake 0.01 mm. Vipande vyenyewe alivisugua nyumbani kwa cherehani ya mke wake aliyoigeuza mashine. Ni bapa kiasi kwamba ukitelezesha kimoja juu ya kingine vinang'ang'aniana, unaviinua pamoja kama vimegandishwa. Mara ya kwanza nilipovishika nilicheza navyo kama mtoto hadi nikafokewa, maana jasho la vidole linavipa kutu. Na ile inchi ya 25.4 mm kamili tunayotumia wote, yeye ndo alianza kuchonga vipande kwa namba hiyo wakati inchi ya Marekani na ya Uingereza bado zilikuwa zinapishana kidogo sana kwenye tarakimu za mbali, mataifa yamekuja kukubaliana rasmi 1959.

Johansson alitilia mkazo jambo moja ambalo mimi nilijifunza kwa aibu: joto. Chuma cha milimita 100 kinaongezeka karibu maikroni moja, yani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa kila digrii. Kidogo, eti? Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa natoboa nyumba ya beringi ya milimita 120, nimekimbiza mashine sababu jioni ilikuwa inaingia, nikapima, kipimo safi kabisa, nikafunga nikaenda. Asubuhi beringi haiingii. Nikapima upya, tundu limepungua karibu 0.05 mm. Kumbe jana nilipima chuma kikiwa na moto wa kisu, kimetanuka, usiku kikapoa kikajirudia. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakusema kitu, alichukua kipimajoto akakining'iniza kwenye lethi yangu akaondoka. Ndo maana vipimo duniani vinahesabiwa kwa nyuzijoto 20, na hiyo imekubaliwa kimataifa tangu 1931, nadhani kabla ya hapo kuna wengi walionyimwa usingizi kama mimi.

Afu kuna Hubble. Ile darubini ya angani ilirushwa Aprili 1990, kioo chake cha mita 2.4 kimesuguliwa kwa ulaini ambao hakuna kioo kikubwa kabla yake kiliwahi kuufikia. Picha zikaanza kuja zina ukungu. Kioo kilikuwa kimekosewa umbo, pembezoni bapa zaidi ya inavyotakiwa kwa maikroni 2 hivi, na sababu ni kwamba kifaa cha kupimia umbo lake wakati wa kusugua kilikuwa na lenzi iliyokaa mahali si pake, 1.3 mm. Yani walisugua kwa usahihi wa ajabu kuelekea umbo la uongo, kilekile cha A na B kuoana. Na bamba la tatu lilikuwepo! Vifaa vingine viwili vya kupimia vilionyesha kuna kosa, vikapuuzwa sababu vilihesabiwa ni vya daraja la chini. Desemba 1993 wanaanga wakapanda kuifungia vioo vidogo vya kurekebisha, na hivyo vioo vilichongwa kwa kosa lilelile, ila limegeuzwa.